Mbwa Aliyeogopa Mtu Akiinama

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, na huyu aliyelala miguuni pangu ahesabiwe ameitikia, maana yeye hasemi amina. Mnanijua, mimi ni Mama Wanjiku wa Kabazi. Si mtu wa kurukaruka. Nitasema nilivyoona, kisha niketi.

Nina kifafa. Wengine mmeniona nikianguka, hata hapa kanisani. Wengine mmeniombea, wengine mmehama benchi. Dawa za kliniki ninameza asubuhi na jioni na sitaziacha, lakini zimepunguza tu, hazijamaliza. Kovu hili la mkono nililipata kwa jiko. Tangu mume wangu afariki ninaishi peke yangu na ng'ombe wangu na kahawa kidogo. Binti yangu Wanjiku, anayefanya kazi Nakuru mjini, alikuwa amechoka kupigiwa simu na majirani. Alitaka nihamie kwake, niketi kwenye chumba kimoja ghorofani niangalie televisheni. Ng'ombe auzwe. Ndugu zangu, niliogopa chumba kile kuliko kifafa!

Hapo ndipo anaingia mbwa huyu. Anaitwa Simba, na kwa jina hilo mmemcheka vya kutosha. Alikuwa anaogopa kifuniko cha sufuria. Alikuwa anaogopa pikipiki, mwavuli na kuku wa jirani. Lakini niliona jambo moja: kabla sijaanguka alikuwa anakuja, ananilamba mkono na kulialia, hata mimi mwenyewe nikiwa sijahisi kitu. Nikampeleka kwa Chebet, mama mmoja wa kule Bahati anayefundisha mbwa. Akaniambia kule kujua hakufundishwi, mbwa anako au hanako. Kinachofundishwa ni cha kufanya baadaye: abaki nami, na abweke mpaka mtu aje. Wanjiku akakubali kungoja. Mbwa akiweza, nabaki Kabazi. Akishindwa, nahama.

Akashindwa. Siku moja nikikamua, Simba akaanza kulia. Nikajua, nikaweka ndoo kando, nikajilaza chini kabla ya kuanguka. Na yeye akatoroka! Aliponiona nakwenda chini alikimbia, akajificha chini ya stoo ya mahindi, kimya. Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye matope, kwato za ng'ombe karibu na uso wangu. Jirani aliyekuja kuchukua maziwa ndiye aliyeniinua. Wanjiku akaja jioni ile. "Mum, mbwa mwenyewe anakutoroka," akasema. "Hiyo ni ulinzi gani? Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na pikapu." Alipoondoka nililia, nikamuuliza Mungu kama hata mbwa ameamua kunikataa.

Chebet alipokuja kutuona, leso yake ilianguka pale uani. Akainama kuiokota. Simba akapotea. Alipotoka mafichoni, Chebet akainama tena bila kuokota chochote. Mbwa akapotea tena.

"Mathe, huyu hajakukataa," akaniambia. "Hapa kwetu mtu akitaka kufukuza mbwa anafanya nini? Anainama. Hata kama hakuna jiwe, anainama tu. Huyu anajua mtu akienda chini, jiwe linakuja."

Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kufanya hivyo? Hata mchungaji amewahi.

Tukaanza upya. Mkono ukienda chini, uinuke na kipande cha ugali chenye mchuzi. Mwanzo niliinamisha bega tu, yeye akiwa mbali kule kwenye ua. Chebet alikataa nimvute kwa kamba, akakataa nimkaripie, akakataa hata nimwite. "Wacha aamue mwenyewe," alisema. Siku akiogopa tulirudi nyuma, tukafanya lile rahisi alilokwisha kuliweza, tukaishia hapo mkia ukitikisika. Baadaye nikapiga magoti. Baadaye nikaketi. Mwishowe nikalala kwenye nyasi, mwanamke mzima, na chakula mkononi, na wapita njia wakasimama kuangalia. Akija kulala kando yangu anapata. Akibweka anapata zaidi. Akina mama wa ushirika niliwaomba, wakipita kwangu, wainame na kuacha kitu. Na mzee wetu wa kanisa, ambaye mbwa wote wa Kabazi wanamjua kwa mawe, alikuja na maini mfukoni akainama mpaka mgongo ukamkatalia. Mungu ambariki, na mgongo pia.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa kwenye kahawa nyuma ya nyumba Simba aliponilamba mkono, nikalala chini. Yaliyofuata nimeambiwa na Wanjiku. Aliposhuka kwenye pikapu alisikia mbwa akibweka bila kupumzika. Akaifuata sauti, akamkuta ameegemea mgongo wangu. Wanjiku akaja mbio, akaniinamia kwa mikono miwili. Simba hakukimbia! Aliitazama ile mikono. Alikuwa anangoja ugali, mlafi huyu. Binti yangu akaketi pale chini kwenye mibuni, akilia, akampa mkate alioninunulia njiani. Pikapu ilirudi Nakuru na ndizi na viazi tu.

Bado ninaanguka, nisiwadanganye. Na Simba bado hapendi pikipiki. Lakini nalala kwangu na kuamka kwangu, na ng'ombe ananijua. Asante Mungu! Asante Chebet, asanteni nyote mlioinama.

Na niseme hili, niketi. Nikiwa nimelala kwenye zile nyasi, nikimngoja mbwa asogee, nilifikiri sana. Mume wangu alipofariki, ugonjwa ulipozidi, niliona kama Mungu anainama, nami nikakimbia. Nilidhani anaokota jiwe. Mnakumbuka nilivyokaa mbali na nyumba hii. Yeye hakunivuta kwa kamba. Alibaki ameinama vilevile, akingoja.

Sasa mchungaji atatuambia tupige magoti. Pigeni bila wasiwasi, Simba hatakimbia. Na wewe uliyeketi karibu na mlango, tayari kuondoka, nakuomba usikimbie leo. Angalia mkono kwanza.