Nyuso za Stoo: Tunamuaga Madam Veronicah Karwirwa

Madam Veronicah Karwirwa anastaafu leo, Ijumaa, Desemba 17, 1999, baada ya kuitumikia Matunda Studio kwa miaka thelathini na mmoja. Mgeni mpendwa, bila shaka umeshaona kwamba jalada la programu hii halina picha yake. Usimlaumu mchapaji. Mtu aliyewapanga watu wa Meru na Embu mbele ya kamera tangu 1968 hajawahi kukubali yeye mwenyewe apigwe picha hata moja, na tulipomwomba ya jalada alituuliza kama tumekosa kazi ya kufanya.

Aliajiriwa hapa Meru mjini na marehemu Mzee Njuki, mwanzilishi wa studio. Mzee alibonyeza kamera. Madam alifanya mengine yote. Alifunga tai, alipaka magoti ya watoto mafuta, aliwaazima watu koti la studio na saa ya studio, na wazee wa kanisa waliokunja uso aliwakemea bila woga. "Cheka kidogo, mzee, hapa si kortini." Kisha aliingia chumba cha giza, akasafisha picha na kukata kingo zake mpaka zikanyooka. Ingia sebule yoyote kuanzia Kibirichia hadi Siakago, uangalie ile fremu kubwa ambamo ukoo mzima umebanwa chini ya kioo kimoja. Kazi yake imo humo.

Picha za rangi zilipoingia, filamu zilikuwa zikisafishwa Nairobi. Madam hakuwa na subira ya kungoja posta. Alizikabidhi kwa madereva wa pikapu za miraa kutoka Maua, wale wasiosimama kwa mtu yeyote, nao wakasimama kwake. Ili joto lisiharibu filamu, alizifunga kwa majani ya ndizi kama miraa yenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Siku moja mnunuzi wa miraa huko Eastleigh, Nairobi, alifungua kifurushi akakuta ndani yake harusi ya mwalimu mmoja wa Tigania. Maabara ya picha nayo ilipokea miraa safi kabisa, na mpaka leo haijalalamika. Madam alipanda gari kesho yake, akairudisha harusi ile bila kupotea hata shangazi mmoja.

Mwaka 1984 alitumwa kufungua tawi la Embu. Ndiko alikoniokota mimi, Nthiga, Mmbeere niliyeingia kupigwa picha ya kitambulisho nikatoka na kazi. Aliniuliza kama naweza kuandika majina ya watu bila kuyaharibu. Nikasema naweza. "Basi kesho uje umechana nywele." Nimechana nywele tangu siku hiyo, na aliporudi Meru nikamfuata nazo, hata sasa ambapo zimebaki chache.

Mwaka jana meneja wetu, Bwana Runji, alinunua kompyuta na skana. Sisi tulijua Madam ataikimbia. Wapi! Alivuta kiti akaketi, na kuanzia siku hiyo aliyetaka kuitumia kompyuta ilibidi amwombe yeye. Mara akagundua kwamba picha kuukuu zinaweza kuingizwa humo, zikatolewa madoa, zikapangwa zifuatane na nyimbo za kwaya, halafu zikarekodiwa kwenye kanda ya video ili familia izitazame nyumbani kwenye televisheni. Slaidi hizo zikawa gumzo la mji. Watu walikuja wamebeba fremu zao mgongoni, wakarudi na kanda, na kalenda, na saa za ukutani zenye uso wa babu. Picha ikiwa imegandana na kioo, Madam alipiga marufuku kuibandua: iliingizwa na kioo chake.

Sasa nifike kwenye vita vya mwaka huu. Stoo yetu ilikuwa imejaa maboksi ya picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, tangu enzi za Mzee Njuki. Mwezi Januari Bwana Runji, akihitaji chumba cha kompyuta, aliagiza zichomwe zote. Akaweka kabisa kiberiti juu ya rafu. Madam alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hawa ni watu, Bwana Runji. Watu hawachomwi." Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishoni wakapatana hivi: picha zitakazopata wenyewe kabla ya Madam kustaafu zimepona, na zitakazobaki siku hiyo zitachomwa. Siku hiyo ndiyo leo.

Kusema kweli, niliona kazi imetushinda kabla hatujaianza. Utampata wapi mtu aliyepigwa picha mwaka 1970 akaondoka zake? Madam hakutaka kusikia. Aliniketisha kwenye skana kila jioni baada ya kufunga duka, yeye akichagua nyuso, mimi nikiingiza, mpaka tukapata kanda ya kwanza. Kisha akatangaza kwamba kama watu hawaji kwa picha zao, picha zitaenda kwa watu.

Tulianzia Kianjai, siku ya soko. Madam alikodi ile nyumba ya video ambamo vijana hutazama karate, akasimama mlangoni akiita akina mama waingie bure. Vijana walinung'unika, eti wamekuja kuona ngumi wakaonyeshwa majirani. Aliwaambia wakae kimya au watoke. Nyanya Makandi, muuza maharagwe, aliingia kwa sababu goti lilimuuma na ndani kulikuwa na benchi. Nyuso zikapita moja baada ya nyingine. Halafu akatokea msichana mwenye kitambaa cha maua kichwani, anacheka, mwanya unaonekana wazi.

Nyanya Makandi aliinuka. Goti lilisahaulika. Alikwenda mpaka kwenye televisheni akaweka kiganja juu ya kioo. "Huyu ni Gatwiri wangu. Nani amemweka hapa?" Mwenye nyumba ya video alisimamisha kanda, picha ikabaki pale ikitetemeka.

Gatwiri alikuwa binti yake. Alipigwa picha ile kwetu mwaka 1975 akiwa mjamzito, akafariki akijifungua kabla ya kurudi kuichukua, na haikuwepo picha yake nyingine popote duniani. Mtoto alipona. Ndiye Karimi, fundi wa nguo pale pale sokoni. Akaitwa mbio, akaja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama yake. Akafunua mdomo, akagusa mwanya wake mwenyewe kwa kidole. Wale vijana wa karate walilia, nami sitajificha, nililia kuwashinda.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetuzuia. Tulikwenda Maua, Kibirichia, Chuka, Embu. Watu waliita majina mbele ya televisheni kama walioona jamaa wakishuka kwenye gari. Picha zilizofifia tulirudia negativu zake, yaani filamu za asili, tukazisafisha upya. Mwezi wa Agosti Karimi aliolewa, na katika harusi ile mama yake alikuwa ukutani, mkubwa kuliko keki.

Maboksi matatu bado hayajapata wenyewe. Madam, najua ndiyo yaliyokukosesha raha wiki hii yote, na ndiyo maana hotuba za leo huzisikilizi. Basi soma hapa. Bwana Runji ameniruhusu kuandika kwamba stoo haichomwi, leo wala kesho. Kompyuta zitatafutiwa chumba kingine, na kanda zitaendelea kwenda sokoni. Kiberiti chake kitawasha mshumaa wa keki tu.

Kwa kutufundisha kazi, kwa kutukaripia, kwa kutochoka sisi tulipochoka, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, mvua za kutosha huko shambani Kianjai, na wajukuu wanaotulia wakivalishwa. Mungu akutunze.

Limebaki jambo moja. Tulipokuwa tukirudia zile negativu niliona kitu ambacho picha za ukutani hazina. Pembeni, pale ulipokuwa ukikata kingo, upo. Mkono wako unanyoosha kola ya mtu. Mkono wako umeshika mgongo wa mtoto asianguke. Miaka yote hiyo ulipigwa picha kila siku, kisha ukaingia chumba cha giza ukajiondoa. Tumeikusanya mikono hiyo yote kwenye kanda moja, na tutaitazama pamoja baada ya keki.

Wageni wetu, sasa geuzeni programu mtazame jalada la nyuma. Ni Gatwiri, anacheka, na mkono unaomfunga kitambaa kichwani ni wa Madam Karwirwa. Safari hii hatukukata.