Mama Boza na Rufaa ya Mgongo Wake

Ndugu waombolezaji, majirani, na nanyi mliokuja kwa sababu mnazozijua wenyewe, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu kwa niaba ya familia, na familia imeamua isomwe yote, hata kama wapo walioketi viti vya mbele ambao wangependa turuke mahali.

Marehemu, ambaye jeshini na mtaani aliitwa Mama Boza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi uashi na mkunga, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha shule ya ufundi, ambako alikuwa msichana peke yake katika karakana ya magari, na mwalimu alipomshauri ahamie darasa la ushonaji, alimjibu kwamba nguo zake hazijachanika.

Mwaka 1982 alijiunga na jeshi, akafuzu udereva wa magari makubwa, akakabidhiwa boza la kupelekea maji askari waliokuwa mstari wa mbele, na ndipo alipopata jina lake, kwa maana askari wenye kiu walikuwa wakiusikia mngurumo wa gari lile wanapiga kelele, "Mama kaja!" kabla hata hajazaa. Mwaka 1985 aliolewa na fundi cherehani, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa, na watu walipomtania kwamba cherehani aliyoikimbia imemfuata hadi chumbani, alisema heri imfuate pamoja na mwenye kuiendesha.

Mwezi Juni 1987, mchana kweupe, ofisa mmoja aliyekuwa amepanda naye gari alimwamuru apite kwenye daraja ambalo wahandisi walikwisha kulifunga, marehemu akamwambia, "Afande, daraja hili halitaubeba mzigo huu," naye akajibiwa, "Usukani ni wako, amri ni yangu." Mbao zilikatika, boza likaanguka kwa nyuma korongoni, ofisa akatoka na vumbi tu, dada yetu akatolewa akiwa hawezi kusimama. Ofisa yule alitoa taarifa kwamba gari liliteleza kidogo na hakuna aliyeumia, kwa sababu angesema dereva ameumia, angeulizwa ni nani aliyempeleka darajani. Marehemu alilala hemani kwa vidonge vya maumivu, akarudi kazini akiwa amejifunga kitambaa kiunoni, akastaafu mwaka 1994, na katika miaka hiyo Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mgongo ulimla polepole, hadi akawa anakula amesimama na kusinzia amepiga magoti kwenye ukingo wa kitanda, na mwaka 2009 aliomba fidia ya ulemavu inayotolewa kwa askari walioumia kazini. Alikataliwa. Daktari wa ofisi ile, ambaye hakuwahi kumgusa hata kidole, aliandika kwamba mwombaji ni mwanamke aliyezaa mara mbili, hivyo mgongo wake ni wa uzazi. Dada yetu aliposomewa maneno hayo alicheka, kisha akauliza iwapo wanaume waliozaa mara tano wao wanaumwa wapi.

Akakata rufaa. Wengi hamjui rufaa hizi zinavyoamuliwa, nasi tulijifunza kwa machozi: baraza haliulizi tu kama mtu anaumwa, linauliza maumivu yametoka wapi, na kanuni yao wenyewe inasema ushahidi ukilingana pande mbili, shaka imnufaishe askari. Shauri lilisikilizwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu, marehemu akapanda akipumzika kila kona huku mumewe akimshika kiuno, na ofisa yule akaja kurudia kwamba gari liliteleza tu. Uamuzi ulipotoka ulisema hakuna rekodi ya zahanati, na kwamba mwombaji alionekana akipanda ngazi. Shemeji yetu, mtu mpole ambaye hata mbwa hawamwogopi, siku hiyo alipiga meza akasema, "Mngemtengenezea lifti, mngesema ameruka?"

Watu wazima tulimshauri aachane nao, akasema akiachana nao watakuwa wamesema kweli. Akaenda ngazi ya juu, ambako jaji aliona kwamba baraza limeifanya rekodi ile iliyokosekana kuwa ushahidi dhidi yake, na kwamba daktari hakumpima, akalirudisha shauri lisikilizwe upya na wajumbe wengine. Wakati huo figo zake zilikwisha kuharibika, na madaktari walitueleza kuwa ni kwa sababu ya vidonge vya maumivu vya miaka mingi.

Katika usikilizaji wa pili, mwaka jana, mjumbe mmoja aliyekuwa askari mstaafu alimuuliza ofisa, "Gari lilipovutwa kutoka korongoni, nani aliliendesha hadi kambini?" Akajibu, "Mimi." Mjumbe akasema, "Afande mzima unaendesha boza, na dereva wako hakuumia. Yeye alikuwa wapi?" Ofisa alitazama dirishani, akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Nyuma. Tulimlaza kwenye turubai." Dada yetu, aliyeegemea ukuta kwa kuwa hakuweza kuketi, alisema taratibu, "Asante, afande. Umechelewa, lakini asante."

Wajumbe wawili walimpa haki, mmoja akapinga. Habari ilimkuta wodini, na mumewe alipomwambia, yeye hakuuliza atapata nini, aliuliza, "Wameniamini au wamenihurumia?" Shemeji akamjibu, "Wamekuamini, mama." Akasema, "Basi nigeuze upande, nilale." Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, waliomsafisha damu kwa upole hata mashine zilipogoma, majirani waliompisha foleni bila kuombwa, madereva wenzake, na jaji yule ambaye hatukuwahi kumwona uso. Wale walioandika kuhusu uzazi wake hatuwashukuru, wala hatutajifanya. Na kwako afande, uliyeketi kiti cha tatu, shada lako tumelipokea, maua hayana kosa, ila mazishini kila mtu ana kazi yake, na familia imeamua kwamba jeneza hili litabebwa na madereva, pamoja na watoto wake, wale wale wawili. Wewe utatembea nyuma.

Dada, kesi yako imekwisha na umeshinda. Pumzika sasa, kwa amani waliyokunyima.