Reka Si Rekodi

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, maana sauti hii iliyokuwa ikitoka Heru Juu ikafika sokoni Kasulu bila kipaza sauti, leo haifiki hata mlangoni. Immakulata, waambie hao wanaopiga maharage uani waweke fimbo chini, na wakitaka waingie, kwani wosia si siri, na mimi tangu ujana sijazoea kusema mbele ya watu wachache. Mama yenu Dorcas akae hapa kichwani pa kitanda. Wewe Sylvesta kaa pale ninapokuona uso, kwa sababu mengi ya leo ni yako, na usiinamishe kichwa kama mtu aliyeitwa barazani. Sijakasirika, nikikasirika nitakohoa, na nikianza kukohoa wosia utarithiwa haujamalizika.

Kwanza mali, tuipite. Nyumba hii ni ya mama yenu, asije mtu wa ukoo wangu kumpimia mlango. Shamba la Kagerankanda ligawanyeni kwa mfereji, upande wa mihogo kwa Immakulata kwa kuwa ndiye aliyeinamia jembe, upande wa migomba kwa Sylvesta, na ule mparachichi wa katikati usiwapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, maana nimeona ndugu wakila tunda la mti mmoja huku wamenuniana, na parachichi ukilila umenuna ni sawa na kula sabuni. Hamis, mpiga tarumbeta wangu, aliyetuacha akaenda kuuza khanga wakati ngoma imenoga, nimemsamehe. Alirudi, na mwenye kurudi haulizwi njia. Gitaa ni la Sylvesta. Kofia hii, niliyokuwa nikipanda nayo jukwaani, msiiguse. Ina mwenyewe, nitamtaja.

Sasa sikilizeni habari ya kaseti, kwa mdomo wangu, maana najua mnataka kuikata.

Mnamjua Reverien, mpiga ngoma wetu, lakini hamkumjua alipokuwa Reverien. Ni mtoto wa mjomba wangu, muvyara wangu, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, mpaka ambao babu zetu waliambiwa upo baada ya kuwa wamekwisha kuoana. Na muvyara, wanangu, ni mtani wako. Mtoto wa mjomba ana haki ya kukutukana mbele ya mkeo, akuchukulie kuku, akavae koti lako msibani, nawe ukinuna ndiwe mwenye aibu. Ujanani, tulipoanzisha Heru Juu Jazi, watu walikuwa wakilipa kiingilio si kwa ajili ya muziki, bali kusikia vile Reverien anavyonivua nguo kwa maneno kati ya wimbo na wimbo, nami nikimvua yeye, mpaka tunabaki wote wawili hatuna cha kujisitiri ila vicheko vya watu.

Akarudi kwao akaoa. Nyuzi za gitaa zikaadimika, bendi ikalala. Miaka ikapita, ndipo kule kwao kukachafuka, akavuka mpaka na wenzake, wakapelekwa kambini Mtendeli, kule Kibondo. Nilipomfuata nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe hakuvuka. Watoto hawakuvuka. Nikamwambia, muvyara, umekonda mpaka kivuli chako kinakuaibisha. Zamani angenirudishia saba kwa moja. Aliniangalia tu, akasema, "Ndiyo."

Wanangu, tusi likikosa wa kulirudisha huwa tusi kweli. Siku ile nilirudi Kasulu nikiwa nimemtukana mtu.

Ndiyo maana nikaifufua bendi. Mlidhani uzee umeniingia kichwani, na wewe Sylvesta ulisema, "Baba, wazee hawarudi jukwaani, wanarudi kanisani." Sikutaka jukwaa. Nilitaka kumpa yule mtu kitu cha kupiga. Akawa anakuja kwa kibali kila kinapopatikana, anapiga ngoma, anasema ndiyo, anasema hapana, anarudi kambini. Hivyo mpaka siku ya kurekodi, mle katika stoo ya Hamis, katikati ya marobota ya khanga, naye Gharibu, fundi redio kutoka Ujiji, ameshika mashine.

Wimbo wa mwisho mnaujua. Ule mstari wa juu nilikuwa naufikia nikiwa na meno yote. Siku ile niliupandia, pumzi ikaniishia njiani, sauti ikapasuka vipande. Tukasikia ngoma imesimama, na mtu anapiga kelele, "Reka! Reka, muvyara, reka!" Sisi wa huku juu tunajua kwao reka ni acha. Lakini Gharibu ni mtu wa Ujiji, sikio lake liko ziwani. Yeye alisikia rekodi, akaona wazee wanamhimiza, akaisogeza mashine karibu zaidi! Na Reverien akaendelea: "Reka! Unaimba kama mbuzi aliyekanyagwa na baiskeli, na baiskeli yenyewe imebeba mkungu wa ndizi!"

Nikamjibu kwa haraka, kama mtu anayeogopa mlango usije ukafungwa tena: "Na wewe unapiga ngoma kama mjane anayefukuza kuku kwenye mihogo." Neno mjane likanitoka kabla sijaliona. Nikasema moyoni, nimemuua. Akacheka, wanangu. Alicheka mpaka akashika robota. Akasema, "Kuku wenyewe wako, wezi kama baba yako." Hamis akasema, "Nyamazeni, wazee, chai inapoa," tukamgeukia yeye sote wawili, tukamwosha. Mwisho Reverien akanyoosha kidole, akasema, "Siku ukifa, hiyo kofia ni yangu." Hapo mashine ikalia tak, utepe umekwisha.

Hatukujua kama maneno yale yamo. Gharibu hakujua kama hayatakiwi. Kaseti ikatoka hivyo hivyo.

Nani alitegemea inunuliwe? Mimi nilitegemea wake zetu, na mama yenu hapa hakununua, aliazima. Lakini ikauzika Kasulu, ikauzika Kibondo, Gharibu akawa anatoa nakala mpaka mashine inanuka moshi, na kila mmoja akajivika sifa. Sylvesta ukasema ni kinanda chako cha umeme. Hamis akasema ni tarumbeta. Gharibu akasema ni ile picha ya jaladani, ambamo nimefumba macho. Padri akasema ni kwa sababu hatukuimba maneno machafu, na hapo alikuwa hajafika upande wa pili. Mimi nilijua ni sauti yangu. Cheka, Immakulata, cheka tu, ngoja nifike mwisho.

Nikapanda pikapu ya maharage kwenda Kibondo kuwaona wapenzi wa sauti yangu. Kambini, kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja anaitwa Pelagia, nikaiona kaseti yetu. Sikusema mimi ni nani. Nikavua kofia, nikaagiza chai, nikakaa kusubiri kusifiwa. Yule mama hakuiweka redioni. Alitia kalamu ya biki kwenye tundu la kaseti akaanza kuizungusha, anazungusha, anazungusha, ili asimalize mawe ya redio, na watu wanakuja mmoja mmoja na vikombe vyao. Nikamwuliza, mama, mbona unaziruka nyimbo?

Akasema, "Nyimbo? Nyimbo ziko kila mahali, baba. Huyu mzee mwenyewe hata kuimba hawezi. Sisi tunasubiri pale anapotukanwa."

Nilikunywa chai ile ikiwa ya moto, ulimi ukababuka, nikashukuru kupata sababu ya machozi.

Akafika mahali, akaiweka. Reka! Watu wakacheka kabla mbuzi hajafika. Wanajua kila neno. Na utepe ulipolia tak, ndipo mambo yakaanza: mmoja anasema, "Yule mzee alijibu hivi," mwingine anasema, "Hapana, angejibu vile," kila mtu anatunga jibu langu, mtu wa kilima hiki na mtu wa kilima kile, watu ambao, Pelagia aliniambia, asubuhi walipishana kwenye foleni ya maji bila salamu, kila mmoja akipima neno kama dawa. Akaniambia, "Baba, tangu nivuke sijasikia mtu akimtukana mwenzake bila kumtakia mabaya. Hawa wazee wawili wananikumbusha kwamba inawezekana."

Basi ndiyo hiyo sababu, wanangu, wala msitafute nyingine. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Ni kweli, adui hachagui, anaokota lolote akarusha. Lakini mtani anakuchagulia. Anakupima kama fundi cherehani, bega hadi bega, akukate tusi linalokukaa wewe peke yako, na hawezi kukupima bila kukujua, wala hakujui bila kukupenda. Wale watu walikuwa na vibali na blanketi. Hawakuwa na mtu wa kuwapima.

Sasa wewe Sylvesta. Najua umekubaliana na yule mfanyabiashara wa Mwanza kwamba kaseti isafishwe, maneno yaondolewe, kinanda kiongezwe. Uliniambia, "Baba, watu wanakucheka," na macho yako yalikuwa mekundu, nikaona ni heshima yangu unayoilinda. Mwanangu, nimechekwa maisha yangu yote, ndiyo kazi iliyowasomesha. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huyo wa Mwanza akitaka nyimbo, mpe nyimbo mpya, piga wewe, una mikono. Hiyo usiikate. Si kwa ajili ya soko. Ni kwa ajili yangu, na hili ndilo lililonifanya niwaite.

Nipe maji, Dorcas. Kidogo.

Nadaiwa. Siku ile stooni Reverien alipoitaka kofia, mimi sikumjibu. Kule kambini wanagombania jibu langu, na mwenyewe sikuwa nalo. Nilikuwa nimempata muvyara wangu, nikashindwa kufungua mdomo, na tangu hapo kila tukikutana natafuta, halipatikani la kumtosha. Juzi, nikiwa nimelala hapa, likaja. Ni hili: "Kofia chukua, muvyara, lakini kichwa cha kuivaa utaazima wapi?"

Mnaona? Hata Sylvesta ametabasamu. Mungu mkubwa.

Nikifa, mpelekeeni Reverien habari kabla ya mtu mwingine yeyote, na mumwombee kibali. Akija, mwacheni. Akilala kwenye jeneza, akidai alipwe kanzu ya padri, akiniita mbuzi, msimshike mkono; ndiyo sala yake. Asipopewa ruhusa, basi chukueni redio, iwekeni kando ya kaburi, mzungushe kaseti kwa kalamu mpaka karibu na mwisho, muiache iseme. Sitaki kuzikwa kwa heshima tupu kama mtu asiye na kwao. Na itakapolia tak, wewe, Sylvesta, si Immakulata, Immakulata ataweza bila shida, wewe unayeona haya, utasimama umjibu kwa niaba yangu, kwa sauti, mbele ya padri na Hamis na Gharibu na majirani. Watu watacheka. Usiwanyamazishe. Kisha kofia ipelekeni Mtendeli.

Baada ya hapo mtakuwa na muvyara wangu. Ni wenu, mtunzeni. Na nyinyi wawili taniani, mnisikie? Nyumba isiyotaniana ina siri nyingi.

Imana, Mungu wetu, iwalinde. Iwape maharage yasiyodumaa na ndugu wasionuna. Iwape sauti, na ikiwanyima sauti, iwape mtu wa kuwaambia reka. Dorcas, wewe... wewe ulikuwa unacheka mapema siku zote, kabla ya neno. Uliniharibia vichekesho vingi. Ahsante.

Sasa, Sylvesta. Sema, nikusikie.

Hapana. Hapana, mwanangu, unasoma kama tangazo la kanisani. Pole pole. "Kofia chukua, muvyara." Hapo wape nafasi, wadhani umekubali, walie kidogo hata. Halafu... "lakini kichwa cha kuivaa..." Hapo unanyamaza. Hapo ndipo kazi ilipo. Wote watakutazama, nawe utataka kukimbia, usikimbie. Pumzi moja, ya pili... Waache wasubiri.

Nitazame mimi. Hivi.

"Kofia chukua, muvyara. Lakini kichwa... cha kuivaa..."

Subiri, Sylvesta.

Usiwape bado... subiri...