Albamu Nne za Dada Chiriku

Ndugu zetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee safari yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa mama mkunga na baba fundi viatu, akaitwa Chiriku kwa sababu tangu siku hiyo hakunyamaza. Alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza sekondari Novemba 1984, na mwaka uliofuata akaajiriwa kupokea simu hospitalini, ambako watu walipiga kuulizia wagonjwa wasiowajua, ilimradi waisikie sauti yake.

Albamu ya kwanza ilitoka tarehe 2 Septemba 1990, nyimbo nane zilizorekodiwa kwa siku mbili, ina makosa tele na bado inasisimua mwili. Tarehe 11 Juni 1994 alifunga ndoa na mpiga gitaa wake, shemeji yetu huyu, wakajaliwa binti mwaka 1995 na mvulana mwaka 1998, na katikati yao ikaja albamu ya pili, ya nyimbo za kubembelezea watoto, ambayo redio haikuigusa, lakini kina mama mlioketi hapa mliisikiliza hadi kanda zikachakaa.

Ya tatu, ya Mei 2003, ndiyo iliyompa jina na gari, nami leo, mniwie radhi mlioipenda, nasema ilikuwa mbaya, sauti imefunikwa na mashine, maneno hayana chumvi.

Nasema hivyo kwa idhini yake. Februari 2016 alifanyiwa upasuaji wa koo, na siku ya tatu wodini, akiwa amekatazwa kusema, aliniandikia kwenye karatasi, “Ile ya tatu, kweli uliipenda?” Miaka kumi na tatu nilikuwa nikimsifia, siku hiyo nikashindwa, nikamjibu, “Dada, haikuwa wewe.” Akafumba macho, mabega yakatetemeka, nikajua nimemmaliza mgonjwa kwa mdomo wangu, kumbe anacheka bila sauti, kisha akaandika, “Afadhali! Nilidhani ni mimi tu niliyesikia.”

Sauti ilirudi nzito, akaimba nayo albamu ya nne, iliyotoka tarehe 20 Oktoba 2018, aliyoirekodi sebuleni kwake na gitaa la mumewe tu, nami nilizikataa nyimbo tatu, akaondoa mbili, ya tatu akaiacha kwa ukaidi, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Ugonjwa ulirejea Januari mwaka jana, na tarehe 6 mwezi huu, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, bila maumivu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, nasi katikati ya machozi tukashusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia wiki nzima, wenzake wa mapokezi, na wanamuziki waliombebea vyombo.

Pumzika kwa amani, dada, ukweli wote tumeshaambiana.