Mama Vifungu na Mkataba wa Vitabu vya Mtandaoni

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maktaba ya chuo chetu, mkuu wa Kitengo cha Vitabu vya Mtandaoni anastaafu rasmi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa siku hiyo. Humu jaridani tutamwita kama tunavyomwita sote, kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi wa getini: Mama Vifungu. Analijua jina hilo na halimuudhi hata kidogo.

Alianza kwenye chumba cha kurekebisha vitabu, akishona migongo iliyochanika. Akahamia kaunta ya kuazima, ambako waliochelewesha vitabu walichungulia dirishani kwanza waone kama zamu ni yake. Vitabu vya mtandaoni vilipoingia, na chuo kikaanza kulipia mikusanyiko mizima ya vitabu kwa mwaka, wengi wetu tulishangilia. Yeye aliomba kuona mkataba. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akavuta kiti, akamaliza wote, kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeusoma. Hakukuwa na hata mmoja. Basi kazi ikawa yake.

Tusijifanye hakuwahi kuteleza. Kabla ya kutia saini mkataba ule wa kwanza, kitengo kizima kilifanya majaribio. Kila kitabu kilifunguka, tukapongezana, saini ikatiwa. Kumbe mkataba ulisema msomaji ni yule aliye ndani ya eneo la chuo, na sisi sote tulijaribu tukiwa tumekaa ndani ya maktaba! Wanafunzi wa uuguzi walipopelekwa hospitali za mbali kwa mafunzo ya vitendo, hawakuweza kufungua hata jalada. Simu zilizopigwa siku hizo, jamani, acheni tu. Mama Vifungu alizipokea mwenyewe, na kila aliyepiga aliombwa radhi bila kutafutwa wa kusukumiwa lawama.

Tangu hapo tuna utaratibu ambao wageni huuona kichekesho. Mkataba mpya ukija, kiti cha plastiki hutolewa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, na mmoja wetu huketi hapo akawa msomaji. Leo wewe ni muuguzi aliye mbali. Kesho ni mhadhiri aliye likizo, au asiyeona anayehitaji kusomewa na kompyuta, au mtu wa mtaani aliyeingia tu kujisomea. Mama Vifungu husoma kifungu kwa sauti kushinda pikipiki zinazopita, na aliyeketi lazima aseme kama bado ana kitabu au hana. Mhasibu wetu aliwahi kukalishwa pale juani mpaka akakiri kwa kinywa chake kwamba mkataba aliousifia kwa unafuu haumfai mtu yeyote. Kwa njia hiyo wasioona walipata haki yao, watu wa mtaani wakapata yao, na kifungu kilichotukataza kuwaonyesha vyuo vingine masharti yetu kikafutwa. Hicho cha mwisho wengi tulikiona ubishi wa bure.

Nyumbani nako hakuna salama. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira kupita kiasi, anasema hajawahi kununua hata pasi bila mkewe kusimama dukani akisoma waranti yote huku foleni ikinung'unika nyuma yao. Wajukuu wakiahidiwa matembezi hudai kwanza waelezwe mvua ikinyesha itakuwaje. Wamerithi, wafanyeje?

Sasa niseme la moyoni, maana kumuaga mtu huyu kwa keki na picha peke yake ni kumkosea. Miezi hii ya mwisho amekuwa akipigania kifungu cha tisa. Kifungu hicho kinasema kwamba siku mkataba unapokoma, vitabu vyote vinafungwa, hata vile vya miaka tuliyokwisha kulipia. Yeye anataka vilivyolipiwa vibaki vyetu. Wakala wa kampuni inayotuuzia, bwana mwenye tabasamu lisilokatika, aliahidi jibu, akaahidi tena, huku akimwita “dada yangu”. Mama Vifungu akamjibu kwamba kaka anao wa kutosha nyumbani, anachokosa ni jibu. Halafu siku moja wakala akanipigia mimi, ninayechukua nafasi ya Mama Vifungu, kuuliza sherehe ya kumuaga ni lini. Nikadhani, masikini ya Mungu, anataka kuleta zawadi. Kesho yake mkataba ukaja kwa jina langu, kifungu cha tisa kikiwa palepale, pamoja na ujumbe kwamba hakuna haraka, naweza kutia saini Julai.

Nilikasirika sana. Mama Vifungu hakukasirika. Kwa mara ya kwanza nikamwona ana hofu. Alisema wakala amepiga hesabu zake vizuri: yeye ataondoka, mitihani itakaribia, wanafunzi watapiga kelele, sisi tutachoka, na mtu atatia saini ili apumzike. Hakuniomba niahidi chochote. Alinyanyua simu.

Aliwapigia wakuu wa maktaba za vyuo vingine, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hakuna kifungu kinachotuziba midomo, aliwatumia mkataba wetu mzima. Hapo ndipo mambo yalipofumuka. Kila mmoja wao alikuwa ameambiwa na wakala yuleyule kwamba wengine wote wameshakubali kifungu cha tisa. Hakuna aliyekubali! Sasa wamekubaliana kukataa pamoja, na kuazimana vitabu vya karatasi ili mwanafunzi asiende kwenye mtihani mikono mitupu.

Kwa hiyo tarehe mosi Julai, mkataba wa sasa ukiwa umekoma, huenda mkusanyiko ukafungwa. Tunajua, na tumejipanga. Masanduku kutoka vyuo vingine yameanza kufunguliwa katika chumba cha kusomea. Wanafunzi wa uuguzi wameelezwa kila kitu, nao wametuambia tusilegeze hata kidogo. Wakala amealikwa kwenye sherehe. Atakaa mstari wa mbele, na nakala ya jarida hili atapewa mlangoni, asije akasema hakuambiwa.

Mama, asante kwa kila ukurasa uliosoma kwa niaba yetu tulipokuwa wavivu wa kusoma. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na miaka mingi ya furaha pamoja na wako. Najua kinachokunyima usingizi, na najua hukutaka kuniuliza. Mkataba uko mezani kwangu. Lala, mama. Sitii saini.