Historia ya Marehemu Mzee Umande, Mtangulizi wa Njia ya Ukingoni

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wa hifadhi na nyote mliofika, wengine mkiwa bado na matope ya msituni kwenye viatu, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu, na imenionya nisirefushe, kwa kuwa yeye mwenyewe hotuba zilimchosha kuliko milima.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao kilichokuwa pembezoni mwa msitu, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba, baba yetu akiwa mpasuaji mbao na mama yetu akiwa mama wa nyumbani, cheo ambacho pale kiwandani hakikuwa na likizo wala kofia ya kinga. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla ya kujua kutambaa vizuri, na kwamba tangu siku hiyo hakumwona tena amekaa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya bonde kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1979, akapata matokeo ambayo yeye aliyaita ya wastani na baba aliyaita kwa jina jingine, akapasua mbao na baba kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1983 akapelekwa chuo cha wanyamapori, ambako alifundishwa kusoma ramani na dira, ujuzi ambao, kama mtakavyosikia, kwenye ukungu hausaidii sana.

Tarehe 1 Julai 1984 aliajiriwa kuwa askari wa hifadhi, akapangiwa lango la mashariki, lenye ofisi ya chumba kimoja, meza iliyoinuliwa mguu mmoja kwa tofali, na dirisha la tiketi lenye nondo. Nyuma ya nondo hizo alikaa binti mmoja mkatisha tiketi, ambaye leo ni mjane wetu, na urafiki wao ulianza kwa ugomvi, kwa sababu askari huyu aliwarudisha wageni jua likiwa limeshazama na dirisha halikuruhusiwa kufungwa mpaka mgeni wa mwisho atoke. Binti alimwambia mbele za watu, "Wewe askari, hao wageni wako wana kwao, na mimi nina kwetu," naye akajibu, "Basi nielekeze huko kwenu, nikuombee ruhusa ya kuchelewa." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili mwalimu, na kitindamimba, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye ni mwongoza watalii katika hifadhi hiyo hiyo, na ndiye atakayetusumbua katika sehemu kubwa ya historia hii.

Mwaka 1992 ofisi iliamua kwamba hifadhi iwe na njia ya kutembea kwa miguu yenye mandhari nzuri, kutoka langoni hadi ukingo wa bonde, na mpima ardhi akaja akapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, akaondoka. Nyani waliupenda sana utepe ule. Marehemu na wenzake wawili walipofika na mapanga, katika wiki ya ukungu mzito, vigingi vilikuwa vimeng'olewa na utepe umehamia juu ya miti, lakini mbele yao palikuwa na njia pana, safi, inayopanda taratibu na kuzunguka kila mwamba kwa adabu, wakasema huyu mpima ardhi anaijua kazi yake, wakaifuata, wakaifyeka, wakaiwekea mabenchi na vibao. Ukungu ulipoondoka waliona nyayo. Ilikuwa njia ya tembo, iliyotumiwa na tembo kushuka kwenye maji tangu kabla ya hifadhi kuwa na jina.

Marehemu alikwenda siku hiyo hiyo kumwambia mkuu wa hifadhi wa wakati huo, aliyemsikiliza vizuri, kisha akamweleza kwamba mgeni rasmi ameshaalikwa. Njia ya Ukingoni ilifunguliwa tarehe 21 Novemba 1992 kwa utepe mwingine, na ikapendwa, kwa sababu tembo hapandi mlima bila sababu na husimama pazuri, na kwenye kila kituo chake mgeni alijikuta akitazama maporomoko, au misitu ya miti mirefu ya kijani isiyo na mwisho, au bonde lote kwa mara moja. Katika ripoti ya mwaka iliandikwa kwamba njia imefuata usanifu wa kitaalamu.

Tembo nao hawakuacha kuitumia. Ofisi iliweka kibao cha "Waenda kwa miguu tu," na asubuhi moja kikakutwa kimelala, tembo mmoja amekitumia kujikunia mgongo. Ikaonekana kwamba kila alfajiri, kabla ya wageni, lazima mtu atangulie peke yake hadi ukingoni na kurudi, atazame matawi yaliyovunjwa, aguse kinyesi kwa nyuma ya kiganja ajue kama kina joto, asikilize, kisha aseme kama njia iko wazi, na kwa kuwa aliyeikosea ndiye aliyeijua, alitumwa yeye, kwa wiki moja tu. Wiki hiyo iliendelea hadi alipostaafu. Katika maelezo ya kazi yake ilihesabiwa chini ya "shughuli nyingine zitakazojitokeza," na waongoza watalii wakampa jina la Umande, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona suruali yake ikiwa kavu chini ya magoti.

Tuseme ukweli, ndugu zangu, alichoka. Hakuchoka kwa kulalamika, alichoka kama ngazi ya mbao inavyochoka, katikati, pale miguu inapopita. Likizo alipewa akazirudisha, kwa hofu kwamba atakayekaa mahali pake hatajua kusimama wakati wa kusimama, na mkewe, aliyekuwa hafungui dirisha mpaka amwone akitokeza kwenye miti, alizeeka akitazama miti. Kwa kila mkuu wa hifadhi aliyehamishiwa hapa alikwenda na ombi lile lile, kwamba njia ifungwe, wageni wapelekwe kwenye mstari wa mpima ardhi, ambao una jasho zaidi na mandhari kidogo lakini hauna mwenyewe. Mmoja alisema suala lake linafanyiwa kazi, mwingine akamkumbusha kwamba njia ipo kwenye vipeperushi, wa tatu alimsikitikia kwa moyo kabisa na kumpatia koti la mvua.

Alistaafu mwezi Machi 2021, na nyumbani tukadhani sasa atalala. Siku ya Jumatatu ratiba mpya ikabandikwa, na aliyepangiwa kutangulia ni binti yake, kwa maelezo kwamba ana uzoefu wa kifamilia. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, wakatalie," naye akajibu, "Mama, nikikataa watampanga yule mgeni aliyeajiriwa juzi, atakanyagwa kabla ya kupata kitambulisho." Basi marehemu akawa anaamka naye, anamsindikiza hadi langoni, anakaa kwenye jiwe, na kuanzia hapo katika nyumba ile walikuwa wawili wanaotazama miti.

Ugonjwa wa moyo ulijulikana mwezi Oktoba 2022, baada ya miguu yake kuvimba na pumzi kumwishia akiwa amekaa, akalazwa mara kadhaa hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani na dawa na agizo la kutotembea, agizo ambalo daktari alilitoa akicheka na yeye akalipokea bila kucheka. Mwezi Machi mwaka huu, 2024, binti alikutana na tembo mama na mtoto wake kwenye kona ya benchi la tatu, akasimama nyuma ya mti kama alivyofundishwa, akarudi nyumbani na kiatu kimoja. Mkuu wa hifadhi wa sasa alipokuja kumjulia hali, akiwa na matunda, marehemu alimshika mkono akamwambia, "Bosi, sitaki cheti, sitaki sherehe, nataka mtoto wangu asitangulie tena." Mkuu alisema kamati itakaa. Marehemu akamwomba mkewe afungue dirisha, kwamba amechoka na neno kamati.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wanaume, mkewe akiwa pembeni, na binti akiwa njiani kule ukingoni, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Aliporudi kusema njia iko wazi ndipo alipoambiwa.

Binti alipewa ruhusa ya msiba, na Jumatano ratiba ilipotafuta wa kukaa mahali pake, waongoza watalii wote walikumbuka migongo yao, mmoja hata akamkumbuka shangazi aliyemsahau kwa miaka. Kanuni inasema kwamba pasipo na mtumishi, kazi itafanywa na msimamizi wa kituo. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri mkuu wa hifadhi, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na ametupa ruhusa ya kulisema hili, alitangulia mwenyewe. Alirudi saa mbili na nusu bila kofia, suruali imelowa hadi kiunoni, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine, kisha kwa mkono wake akafunga mnyororo kwenye mlango wa njia na kutundika tangazo.

Jioni alikuja hapa msibani, akamwita mjane wetu pembeni, akamwambia kwamba njia imefungwa kwa muda. Mjane akauliza, "Muda gani, baba?" Akajibu, "Mpaka itakapotangazwa vinginevyo." Sasa, mama huyu amefanya kazi kwenye ofisi ile umri wake wote, chini ya paa la muda lililoezekwa kabla hajaajiriwa, pamoja na kaimu mhasibu aliyekaimu mpaka akastaafu, na anajua kwamba serikalini hakuna kipindi kirefu kuliko hicho. Alimshukuru, akaingia ndani, akamwambia binti yake, "Lala, mama, kesho hakuna anayekwenda kokote," wakajilaza kitanda kimoja, na jana saa tatu asubuhi, nyumba imejaa watu na jua limefika kwenye zulia, bado walikuwa wamelala, na hatukuwaamsha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, dereva wa gari la wagonjwa aliyejua kila shimo la barabara na kulikwepa, majirani waliotuletea viti na kupika bila kuulizwa, na wafanyakazi wa hifadhi, pamoja na mkuu wao, ambaye tunamwomba asiwe na haraka ya kutangaza vinginevyo.

Kaka, umetembea vya kutosha. Kapumzike, na amani ya Mungu ikufunike.