Balbu ya Vifaranga

Tangu apande basi, mama mfugaji alikuwa ameishika balbu mpya kwa mikono miwili, kama yai. Ya zamani iliungua asubuhi, na vifaranga wake sitini, wa siku tatu tu, walikuwa wanaisubiri nyumbani, ndani ya boksi.

“Hapo umechagua, dada,” alisema fundi umeme aliyekaa kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza. “Haili umeme, wala haipati moto.”

“Haipati moto?”

“Hata kidogo! Unaweza kuishika ikiwa inawaka.”

Mama akamgeukia. “Lakini muuzaji kaniapia inang'aa kuliko ile ya zamani! Ni ya vifaranga, kaka.”

Fundi akakuna kidevu. “Kung'aa inang'aa, ila vifaranga hawasomi gazeti. Wanataka joto. Ungechukua zile za kizamani, zinazounguza vidole.”

“Si ndizo mnazotukataza kila siku?”

“Tunawakataza watu, dada. Kuku hatujawakataza.”

Basi likasimama kituoni kwake. Nyumbani palikuwa hatua chache. Dukani, mwendo wa saa nzima kurudi nyuma. Nje mvua ilikuwa inaanza. Mama akakwama mlangoni, mguu mmoja ngazini, akiipapasa ile balbu baridi.

“Mama,” konda akafoka, “unashuka au hushuki?”